Mdogo wa Mwisho katika Jamhuri ya Staha

Iwapo watu wote katika nchi ni wakubwa, ni nani atakayeanza kumwamkia mwenziwe?

Swali hili liliulizwa mara moja tu katika Jamhuri ya Staha. Liliandikwa kwa barua, likapokelewa, likagongwa muhuri na kupelekwa kwenye kamati. Kamati ilikaa, ikalisifu swali kwa ufasaha wake, ikanywa chai na kuahirisha kikao. Hadi leo jibu halijatoka, na sisi tunaosimulia hatunalo vilevile. Tunaloweza ni kueleza yaliyotokea, tukianza na mtu aliyeiandika barua hiyo.

Mtu huyo aliitwa Saumu Lihanda. Alikuwa Msimamizi wa Akaunti na Makundi katika Wizara ya Adabu na Mitambo, kazi yenye jina refu na kiti kisicho na mgongo. Mtumishi yeyote aliyetaka kuingia katika mtandao wa serikali, awe wa kuandika barua, wa kufungua ghala au wa kuwasha pampu ya maji, ilibidi kwanza Saumu amfungulie akaunti, ampe neno la siri, kisha amweke katika kundi linalomstahili. Mwalimu akiwekwa kundi la walimu aliona matokeo ya mitihani. Mpima ardhi akiwekwa kundi la wapima aliona ramani. Wala hapakuwa na aliyeona kisichomhusu. Saumu alikuwa ameisomea kazi hiyo miaka minne, na aliipenda kwa sababu iliyowashangaza wenzake. Aliamini kwamba kumpa mtu ruhusa anayoihitaji, isizidi wala isipungue, ni namna mojawapo ya kumtendea haki.

Alikuwa bado kijana.

*

Mtandao wenyewe ulinunuliwa ng'ambo ukiwa hauna adabu. Jambo hilo liligunduliwa siku ya uzinduzi, Waziri Ngwalida alipoketi mbele ya kompyuta iliyopambwa maua, akaandika jina lake, na mtambo ukamwuliza neno lake la siri.

"Unaniuliza mimi?" akasema Waziri.

"Humwuliza kila mtu, Mheshimiwa," Saumu akamweleza.

"Hata dereva wangu?"

"Hata dereva wako."

"Kwa maneno hayohayo?"

"Hayohayo, Mheshimiwa."

Waziri akainuka taratibu, kama mtu aliyekalia kitu kibichi, na uzinduzi ukaahirishwa kwa majuma matatu. Katika majuma hayo Bunge lilipitisha Sheria ya Staha ya Mtandao, ambayo ilisifiwa kuwa ya kwanza duniani kukifundisha chombo kumjua mkubwa wake.

Sheria iliwagawa watumiaji wote katika makundi mawili, Wakubwa na Wadogo, na haya yakawa juu ya makundi mengine yote. Kila asubuhi Mdogo alitakiwa kubonyeza kitufe chenye neno Shikamoo, akitaja jina la Mkubwa. Mkubwa alibonyeza Marahaba. Hapo akaunti za wote wawili zilifunguka hadi jua lizame, kila mtu akaenda kwenye kazi yake. Na kwa kuwa si adabu mkubwa kutangulia kumsemesha mdogo, sheria ilielekeza kwamba akaunti ya Mkubwa ilale, isione wala isitende lolote, mpaka iamkiwe.

Ulibaki ubishi mmoja, nao ulihusu mahali pa kumweka Msimamizi mwenyewe. Yeye ndiye aliyeweza kufungua akaunti na kuihamisha, kuunda kundi na kulivunja. Kwa hesabu ya kawaida hapakuwa na mtu mwenye uwezo kumzidi. Waziri aliumaliza ubishi huo kwa sentensi moja iliyochapishwa baadaye kwenye kalenda ya wizara: "Bwana hashiki funguo, bwana hufunguliwa." Kwa hiyo aliyeshika funguo zote za nchi akaandikwa kundi la Wadogo, na ili asije akajisahau, kikaongezwa Kifungu cha Tisa: atakayelivunja kundi la Wakubwa atahesabiwa ameivunja nchi, naye atafungwa.

Saumu hakuona ubaya. Alilelewa katika nyumba ambayo mtoto hapiti mbele ya mtu mzima bila shikamoo, na mtu mzima anayeitikia huku akitazama kwingine huhesabika yeye ndiye asiye na malezi. Na mwezi wa kwanza mambo yalikwenda. Wakubwa walikuwa mia mbili na kumi na wawili, Wadogo elfu tisa na ushee. Wapo hata Wakubwa walioongeza, baada ya marahaba, kuuliza habari za watoto. Saumu alisoma salamu hizo zikipita kwenye skrini yake na akadhani ameshiriki katika jambo jema.

*

Kisha vikaanza vimemo.

Kimemo cha kwanza kilikuwa nusu karatasi, kimeandikwa kwa wino wa kijani. "Mleta kimemo hiki namfahamu. Mpandishe." Aliyekileta alikuwa shemeji wa katibu, bwana mpole, aliyesimama mlangoni akiwa ameshika kofia kwa mikono miwili. Saumu alimpandisha, akajiambia kwamba ni mmoja tu. Siku ya pili walikuja wanne. Juma la tatu mlango wa ofisi ulivutwa sana hata ukatoka kwenye bawaba zake, na fundi seremala alipokuja kuutengeneza alikuja na kimemo chake.

Sheria ilikuwa na utaratibu wa kupanda lakini haikuwa na wa kushuka. Waandishi wake hawakusahau. Waliulizwa bungeni, wakajibu kwamba katika historia ya Staha hajapatikana mtu aliyeomba kushuka. Ipo njia moja tu, nayo ni ya aibu: mtu apatikane na hatia ya utovu wa adabu kwa aliye juu yake.

Ikawa wanapanda kwa mafungu. Walipandishwa madereva wa waheshimiwa, kwa kuwa walikaa viti vya mbele. Ikapandishwa mashine ya kuchapa ya ghorofa ya pili, iliyokuwa na akaunti yake kama mashine nyingine zote, kwa heshima ya kuichapa hotuba ya Siku ya Taifa bila kukwama. Tangu siku hiyo mashine ikalala ikingoja kuamkiwa, na barua za ghorofa ya pili zikaandikwa kwa mkono. Siku ya Wauguzi, wauguzi wote nchini walikuwa wameomba glavu. Serikali ilitafakari ombi lao kwa moyo mkunjufu, ikawapandisha wote kuwa Wakubwa.

Wadogo waliobaki wakawa adimu. Ofisi zikaanza kuazimana. Idara ya Misitu iliazima Mdogo kutoka Idara ya Mifugo kwa maandishi, kwa ahadi ya kumrudisha kabla ya saa nne, na alipocheleweshwa idara hizo mbili zikanuniana hadi mwisho wa mwaka. Hapo ndipo Saumu alipoiandika ile barua yenye swali. Kabla kamati haijamaliza chai yake, wale Wadogo walioazimwaazimwa nao wakachoka, wakatafuta vimemo, wakapanda.

Akabaki mmoja.

*

"Kwa hiyo," Mzee Chande alisema, "nchi nzima inaamshwa na kidole chako."

Mzee Chande alikuwa fundi wa nyaya wa wizara, mtu mfupi mwenye koleo mfukoni saa zote. Watu wa kabila lake na wa kabila la Saumu walikuwa watani tangu zama za mababu, kwa hiyo aliweza kumwambia lolote, naye akalipwa kwa lolote. Yeye naye alikuwa Mkubwa. Hakuomba, alipandishwa alipokuwa likizo.

"Viwili, Mzee. Hiki cha kulia kimevimba, nimehamia cha kushoto."

"Pole. Watani zetu tangu zamani hamkujaaliwa vidole vya kazi. Umefika wapi leo?"

"Bado herufi A."

"Ulikuwa A jana."

"Jana ilikuwa A nyingine."

Hali ilikuwa hivi. Kulikuwa na Wakubwa elfu tisa na mia nne, na Saumu peke yake wa kuwaamkia. Kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama, bila kwenda msalani zaidi ya mara mbili, aliweza kuwaamsha mia tisa. Angeweza kuzidisha kidogo, lakini wapo waliomwacha angoje, kwa maana marahaba ya haraka humfanya mtu aonekane mwenye shida. Idara ya Itifaki ilielekeza kwamba orodha ifuatwe kwa mpangilio wa herufi, bila kumruka mtu. Matokeo yake Staha ikatawaliwa na waheshimiwa wenye majina ya A. Barabara zilizojengwa zilielekea kwa kina Abeid na Adolfu. Watu wa B walistahimili mwezi mmoja, kisha wakaenda mahakamani kubadili majina. Waziri Ngwalida, mwanamume mwenye fahari na ukoo wake, alishikilia N yake kwa muda wa siku sita, akawa Angwalida. Alipoona hata A zimejaa, akawa Aangwalida. Katibu wake, kwa adabu, aliishia kwenye A moja.

"Mimi ningekuwa wewe," Mzee Chande akasema, akichunguza soketi isiyokuwa na kasoro, "ningejitangaza mfalme. Unaitawala nchi hii peke yako na huna hata mgongo wa kiti."

"Nimechoka, Mzee."

"Najua. Ndiyo maana nakutania polepole."

*

Mtu wa kwanza katika historia ya Staha kuomba kushuka alikuwa muuguzi. Jina lake Sista Fedelika Nambunga, wa Hospitali ya Nampemba, kule mashamba ya ufuta yanakoanzia. Yeye ndiye aliyekabidhiwa kabati la baridi la dawa ya sumu ya nyoka, kabati la chuma ambalo kufuli lake lilifunguka kwa akaunti yake tu. Alipokuwa Mdogo alikuwa akimwamkia mganga mkuu asubuhi, anaitikiwa, kabati linafunguka. Alipopewa ukubwa badala ya glavu, akaunti yake ikalala. Alipiga simu wizarani.

"Mdogo wangu, hujambo?"

"Sijambo. Shikamoo, Sista."

"Marahaba, mwanangu. Unaona? Tumesalimiana, na kabati halijasikia. Nishushe."

"Sista, kushusha hakupo. Labda upatikane na utovu wa adabu kwa aliye juu yako."

"Sawa. Nimtukane nani?"

"Sista."

"Nauliza kwa nia njema. Waziri anatosha?"

"Anatosha. Lakini tusi huwasilishwa kwa fomu, na fomu hujazwa kwenye mtandao."

"Na akaunti yangu imelala."

"Imelala."

"Kumbe hata utovu wa adabu una foleni. Na jina? Nasikia watu wanakuwa A."

"Hilo ni la mahakama ya huku mjini, na foleni yake ni ya miezi."

"Basi nimeponea chupuchupu. Nisingeweza kumweleza marehemu mama yangu kwamba mimi ni Aafedelika."

Saumu hakucheka. Asubuhi iliyofuata, kabla ya kugusa A ya kwanza, aliishuka orodha hadi F, akamwamkia Sista Fedelika. Marahaba ikarudi kabla hajaondoa kidole. Alifanya hivyo kwa siku kumi na moja, na katika siku hizo watu watatu wa Nampemba walichomwa dawa wakarudi makwao kwa miguu yao. Siku ya kumi na mbili Idara ya Itifaki ilimwandikia onyo la kurasa nne, ikaifunga orodha kwa kufuli lake yenyewe. Tangu hapo kitufe hakikukubali jina lolote mpaka lililotangulia liwe limeitikia. Kurasa tatu za onyo zilikuwa majina ya waheshimiwa waliorukwa, kila moja na cheo chake.

Saumu aliandika barua kumi na nne akieleza habari za kabati. Alizipeleka kwa mkono. Alipokewa vizuri kila alikokwenda. Aliketishwa, aliulizwa habari za wazazi. Ofisa mmoja alimwambia kwa huruma ya kweli, "Binti, hoja yako ni nzito. Tatizo haina kimemo."

*

Waziri Aangwalida naye alilifikiria jambo hili kwa njia yake. Aliletewa takwimu kwamba raia wa mtandao wa Staha walikuwa Wakubwa wote isipokuwa mmoja, na yule mmoja akamkera kama punje ya mchanga kwenye wali. Ikatangazwa Siku ya Ukubwa kwa Wote. Saumu Lihanda angepandishwa hadharani, saa saba na nusu mchana, katika Ukumbi wa Staha, na nchi ingekuwa ya kwanza ulimwenguni kutokuwa na mdogo hata mmoja.

"Na kesho yake nani atawaamkia, Mheshimiwa?" Saumu aliuliza alipoitwa kuarifiwa.

"Hilo tumeliona," Waziri akasema. "Ipo kamati."

Asubuhi ya siku hiyo aliamkia kama kawaida, akiwaanza wakubwa wa A mbili, kwa kuwa sherehe haikufuta zamu. Saa sita akachukuliwa kwa gari. Jukwaani palikuwa na meza yenye kitambaa, na juu ya meza kompyuta, kwa sababu hapakuwa na mwingine aliyeweza kumpandisha Saumu ila Saumu mwenyewe. Nyuma yake palitundikwa pazia jeupe la kuonyeshea skrini. Mzee Chande alikuwa amechuchumaa chini ya meza, ameshika waya.

Waziri alianza kuhutubia. Katika nchi nyingine mhutubu husema "itifaki imezingatiwa" akaendelea na hoja yake. Staha iliyapiga marufuku maneno hayo, kwa kuwa yanafupisha.

"Waheshimiwa Wakubwa," alisema Waziri Aangwalida, "na wakubwa wa waheshimiwa hao, na waheshimiwa wa wakubwa wenu mliowaacha nyumbani. Staha si neno. Staha ni mfumo. Na mfumo si mfumo tu, mfumo ni mfumo unaofumika. Wako waliosema hatuwezi kuwa wakubwa sote. Nawauliza leo, mdogo yuko wapi? Nionyesheni. Mimi namwona mmoja tu, na baada ya nusu saa sitamwona."

Ukumbi ukapiga makofi. Simu ikatetemeka kwenye mkoba wa Saumu. Akainama kama mtu anayefunga kiatu, akateremka ngazi za nyuma ya jukwaa, akaisikiliza akiwa amesimama kati ya masanduku ya soda.

"Mdogo wangu, umefika herufi gani?"

"Bado A, Sista. Sitafika leo. Kuna nini?"

"Nina mama mmoja hapa, mvuna ufuta. Ameumwa na nyoka, kifutu, kwenye kifundo cha mguu tangu saa tatu asubuhi. Mguu umevimba, umepita goti. Ana mtoto wa kunyonya, analia hapo nje na bibi yake."

"Kabati?"

"Mlinzi amelipiga nyundo mpaka nyundo imeachana na mpini. Tumemleta fundi wa kuchomelea. Anataka umeme wa karakana, na swichi ya karakana nimeambiwa nayo ni Mkubwa."

Saumu akakumbuka. Ilipandishwa mwezi wa nne, pamoja na lango la hospitali.

"Ana muda gani?"

"Sisemi muda. Nakwambia nimemshika mkono na mkono unapoa." Sauti ya Sista Fedelika haikupanda. Ilikuwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia siku nyingine, kwa ajili ya wagonjwa wengine. "Sikulaumu, mwanangu. Nimekupigia kwa kuwa ni wewe tu unayepokea."

Saumu aliirudisha simu mkobani bila kuikata. Alibaki kati ya masanduku ya soda, na uchovu wa miezi yote ukamshukia kwa pamoja, mzito na mtulivu, kama unavyomshukia mtu aliyetua mzigo akagundua kwamba bado ana safari.

Angeweza, sheria ikatae isikatae, kumshusha Sista Fedelika peke yake. Vilikuwa vitufe viwili. Pale mjini pasingekosekana A mmoja aliye macho wa kumwitikia, na Idara ya Itifaki ingechukua juma zima kugundua. Aliifikiria njia hiyo na mkono wake ulikuwa tayari kuifuata. Kisha akajisikia akiyasema maneno yake mwenyewe moyoni: huyu namfahamu, msaidie. Akayatambua. Yalipungukiwa na wino wa kijani tu. Zile siku kumi na moja alizojivunia zilikuwa vimemo kumi na kimoja. Alimwandikia aliyekuwa na namba yake ya simu. Hakujua ni makabati mangapi mengine yamelala, katika hospitali ambazo muuguzi wake hakubahatika kumpata. Sheria aliyoipa utii wake wote, akiitegemea irekebike kwa barua, ilikuwa imemfanya naye mtoa upendeleo, na alikuwa ameuita huruma.

Alipanda ngazi, akaketi mbele ya kompyuta. Waziri alikuwa amefika kwenye aya ya utukufu wa mababu.

"Mzee Chande," akanong'ona, bila kutazama chini ya meza. "Nikivunja kundi la Wakubwa, Kifungu cha Tisa kinasema nini hasa?"

"Mimi nimewekwa hapa kushika waya usichomoke," akajibu Mzee Chande kutoka gizani mwa kitambaa. "Mambo ya nchi usiniulize."

Akausukuma waya ndani zaidi. Kisha akasema, "Haujachomoka."

Saumu akafungua orodha ya makundi. Akachagua Wakubwa, akachagua Wadogo, akabonyeza Vunja. Mtambo ukaandika: Je, una hakika? Aliutazama mstari huo kwa muda. Tangu aajiriwe, hili ndilo swali pekee ambalo serikali ya Staha ilimwuliza kisha ikangoja ajibu. Akabonyeza Ndiyo.

Juu ya pazia jeupe majina elfu tisa na mia nne yalipotea katika kundi moja, na jina moja likapotea katika lingine. Waalikwa walidhani wameshuhudia kupandishwa kwake, wakasimama, wakapiga makofi kwa muda mrefu. Kwa mujibu wa utaratibu hakuna aliyeweza kuwa wa kwanza kuketi. Chini ya makofi Saumu aliiweka simu sikioni.

"Limefunguka," Sista Fedelika alikuwa akisema, si kwake, bali kwa mtu aliyekuwa kando yake. "Lete sindano. Hiyo. Mshike bega."

Waziri Aangwalida aligeuka kulitazama pazia. Lilikuwa jeupe, isipokuwa mistari miwili midogo: Jina lako. Neno lako la siri. Aliutazama ukumbi, akalitazama pazia tena, na kwa kuwa alikuwa mtu wa itifaki hakupaza sauti. Alimkaribisha Saumu kwenye kipaza sauti kama ratiba ilivyoelekeza, kisha akaongeza, akifunika kipaza sauti kwa kiganja, "Binti, liko wapi kundi langu?"

Saumu alisimama. Kidole chake cha kulia kilikuwa kimefungwa kitambaa na hakuona haja ya kukificha.

"Shikamooni," alisema.

Ukumbi ulichelewa, halafu ukaitikia, kila mtu kwa mdomo wake, wengine kwa aibu kidogo, kama watu waliosahau sauti hiyo hutokaje.

"Nimeyavunja makundi yote mawili," akasema Saumu Lihanda. "Kuanzia sasa kila mtu ataingia kwa jina lake na neno lake la siri, dereva na Waziri, na atafungua kile tu ambacho kazi yake inakihitaji. Mkinipeleka mahabusu nitakwenda. Mkiniamuru niyarudishe makundi hayo, sitayarudisha."